Picha ya Kiatu cha Kudariziwa Inapokataa: Kasoro za Rangi za Maji na Vyanzo Vyake

Kiatu kilichodariziwa kwa mkono ukikiweka mezani ili ukichore kwa rangi za maji, unajitwisha kazi tatu kwa pamoja: umbo la kiatu, kitambaa au ngozi iliyokivika, na uzi uliopita juu yake. Kila moja ina kasoro zake, na kasoro hizo zikifika kwenye karatasi hufanana sura. Ndiyo maana mtu huhangaika kubadilisha brashi na kununua rangi za bei kubwa, kumbe ugonjwa uko kwingine kabisa.

Nawaandikia wenzangu wanaochora hapa Tanga: wale wanaochora sapatu za mahameli zenye zari walizoazimwa na bibi zao, makubadhi ya ngozi yenye nakshi ya uzi yanayovaliwa na kanzu siku ya Idi, na hata viatu vya kigeni wanavyovinakili kutoka picha za makumbusho. Nimepanga kwa dalili, yaani kile unachokiona kwenye karatasi, kisha chanzo, kisha la kufanya. Msimamo wangu nautoa mapema: picha nyingi za aina hii huharibika kabla brashi haijalowa, kwa sababu mchoraji hakukisoma kiatu. Hakujua uzi umeingilia wapi na umetokea wapi. Kwa hiyo dalili za uzi ndizo nitakazozikalia zaidi.

Vivuli vinahama, na mng'ao wa uzi haukai mahali pamoja

Unachora asubuhi, ukirudi baada ya chakula cha mchana kiatu kimekuwa kingine. Chanzo ni dirisha.

Vitabu vingi vya uchoraji vimeandikwa na watu wa Ulaya, navyo hushauri dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa kwao jua la mchana haliingii upande huo. Kwetu ushauri huo ni wa nusu mwaka tu. Tanga iko takriban digrii 5 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba, wakati wa kusi, jua la mchana liko kaskazini mwetu, na dirisha tulivu ni la kusini. Kuanzia Oktoba hadi Machi mambo hugeuka, na hapo ndipo dirisha la kaskazini linapokufaa.

Basi hamisha meza kwa msimu. Kama una dirisha moja tu na jua linaingia, tundika kitambaa cheupe chepesi cha pamba. Weka alama za tepu mezani kuzunguka soli, ili kiatu kikiondolewa kirudi palepale. Mwanga utoke upande mmoja. Kwa anayetumia mkono wa kulia, utoke kushoto na juu kidogo, mkono usitie kivuli pale unapochora. Na uchore saa zilezile kila siku.

Nakshi inaonekana kama imechapwa kwenye kitambaa

Hii ndiyo dalili ninayoiona mara nyingi kuliko zote. Ua lipo, rangi ni sahihi, mistari ni safi, lakini mtazamaji anaona kitambaa cha dukani chenye maua ya chapa. Hakuna mtu aliyedarizi pale. Vyanzo ni vitatu, na mara nyingi huja pamoja.

Cha kwanza ni mwelekeo wa uzi. Uzi wa hariri, au wa pamba iliyong'arishwa, hauna rangi moja. Petali iliyojazwa kwa nyuzi zilizolala upande huu hurudisha mwanga kwako. Petali ya jirani, ya uzi uleule kutoka kibonge kilekile, ikiwa nyuzi zake zimelala upande mwingine, huonekana nzito na yenye giza. Ni jambo lilelile unaloliona kwenye mkeka, ambapo milia ya ukili wa rangi moja huonekana myeupe na myeusi kwa zamu kulingana na ulivyosukwa. Kwa hiyo ua la petali tano za uzi mmoja wa waridi lina waridi tano. Ukilipaka waridi moja, umeshachapa.

Jaribio lake ni rahisi. Geuza kiatu robo mzunguko ukiwa umekaa palepale. Petali zilizokuwa nyepesi zitazama, zilizozama zitapanda. Sehemu zinazobadilika ndizo za uzi wenye mng'ao; zisizobadilika ni kitambaa au uzi uliofifia. Fanya hivyo kabla ya kuchora chochote, na kwenye karatasi ya rasimu weka vishale vidogo vya penseli kuonyesha nyuzi za kila petali zimelala wapi. Vishale hivyo vina faida kuliko rasimu nzuri isiyo navyo.

Halafu kuna kosa la mng'ao wenyewe. Wengi huchora mstari mweupe unaoufuata uzi kwa urefu wake. Mwanga haufanyi hivyo. Nyuzi nyingi zilizolala sambamba juu ya sehemu iliyovimba huonyesha mkanda wa mwanga unaozikatiza, kutoka ukingo mmoja wa petali hadi mwingine. Angalia nywele zilizochanwa na kupakwa mafuta utaona mkanda huohuo. Uache mkanda huo wazi, na uzi utainuka wenyewe.

Kuhusu mkono, njia ninayoiamini ni hii. Tandaza rangi nyepesi ya petali, uiache ikauke kabisa. Changanya rangi ileile iliyokolea, chukua brashi ndogo, namba 1 au 0, yenye ncha nzima, kisha chora mapengo kati ya uzi na uzi. Uzi wenyewe usiuguse. Anayechora uzi huishia na manyoya. Anayechora pengo hupata uzi. Pale penye mkanda wa mwanga, inua brashi ili pengo likatike, liendelee upande wa pili.

Chanzo cha pili ni unene. Nakshi ina kimo, japo ni kimo cha uzi tu, na kimo kina kivuli. Mwanga ukitoka kushoto juu, ukingo wa kulia na wa chini wa kila ua utakuwa na mstari mwembamba wa giza unaoangukia kitambaani. Usiuzungushe ua zima; ukifanya hivyo umerudi kwenye chapa. Kivuli kikae upande mmoja tu, kiwe chembamba palipo na uzi mmoja na kinene palipojazwa. Changanya kivuli hicho kutokana na rangi ya kitambaa, wala usitumie nyeusi ya kwenye kikopo.

Chanzo cha tatu ni usawa uliozidi. Mkono uliodarizi haukuwa mashine. Petali moja ina mishono kumi na moja, ya pembeni ina kumi na minne. Shina moja limepinda kwa sababu uzi ulikuwa unaisha. Mchoraji mwenye nia njema hunyoosha vitu hivi bila kujua. Usinyooshe. Aliyedarizi anastahili kuonekana kwa kazi yake kama ilivyo, na hakuna mahali pengine kwenye picha yako atakapoonekana isipokuwa hapo.

Ijue mishono pia. Mshono wa mnyororo una tundu dogo la giza katikati ya kila pete. Tone moja la rangi nzito kwenye kila tundu latosha, pete zenyewe ziache. Mshono wa msalaba una mikono miwili, na kwa fundi mzuri mkono wa juu hulala upande mmoja katika kazi nzima, kwa hiyo ukiugeuza kwenye misalaba michache jicho la mdarizi litaona mara moja. Wa kujaza ndio huo wa petali niliokwisha kuueleza.

Na si lazima uchore kila mshono. Maliza nyuzi zote kwenye ua moja lililo karibu na jicho, na pale kiatu kinapopinda kutoka mwangani kwenda kivulini. Kwingine dokeza. Ukimaliza kila mahali kwa nguvu moja, umbo la kiatu linapotea ndani ya nakshi.

Zari imekuwa njano tu, au imekuwa tope

Zari ni uzi uliozungushiwa utepe mwembamba wa chuma. Kwa kawaida haipiti ndani ya kitambaa kila mara. Hulazwa juu na kufungwa kwa vishono vidogo vya uzi mwingine. Ndiyo maana mng'ao wake umekatikakatika: kila pale iliposhikwa na kishono inazama kidogo, kati ya vishono inainuka. Anayepaka mstari mmoja wa njano anapata njano. Anayetumia rangi ya dhahabu ya chupa anapata kitu kinachometameta mezani, lakini kikipigwa picha au kuskaniwa hugeuka kijivu kisicho na uhai. Siishauri rangi hiyo hata kidogo kwa picha itakayoonekana kwenye simu za watu.

Dhahabu kwa rangi za maji ni tofauti ya giza na mwanga, si njano. Unahitaji vitu vitatu: weupe wa karatasi, oka ya njano au siena mbichi (zote ni njano za udongo), na kahawia nzito. Pakaa oka nyepesi kwenye njia yote ya zari ukiacha nukta za karatasi tupu. Ikikauka, weka kahawia nzito kando kabisa ya zile nukta, bila daraja la rangi ya kati. Chuma hakina haya. Mwanga wake mkali hukaa bega kwa bega na giza lake. Ukilainisha mpaka huo, umechora uzi wa pamba wa njano.

Kisha kuna jambo linalosahaulika: zari huakisi jirani yake. Kwenye mahameli nyekundu, vivuli vya zari huwa vya kahawia yenye wekundu; kwenye kijani vinaelekea zeituni. Chovya kidogo rangi ya kitambaa kwenye kahawia ya kivuli, na zari itakaa kwenye kiatu badala ya kuelea juu yake. Zari ya zamani iliyopauka au kupiga weusi ichore hivyohivyo, na nukta za mwanga ziwe chache.

Kama kuna ushanga wa kioo kati ya zari, nukta ya mwanga ikiwa kushoto juu, mwanga uliopenya utatokea kulia chini, ndani ya shanga. Watu huweka giza hapo, nao ushanga unakuwa kokoto.

Mahameli inaonekana kama ngozi

Ngozi iliyosuguliwa hung'aa katikati ya mbinuko, mng'ao wenye kingo kali. Mahameli hufanya kinyume. Vinyweleo vyake vimesimama. Ukitazama kutoka juu unatazama ndani kati yake, kwa hiyo pale panapokukabili pana giza, na mwanga hukusanyika kwenye kingo, pale kitambaa kinapogeukia mbali nawe. Mtu akizoea kuchora makubadhi kisha akahamia sapatu ya mahameli, mkono wake huweka weupe katikati ya ncha ya kiatu kwa mazoea, na kitambaa kinageuka plastiki.

Dawa: kwenye mahameli katikati iwe nzito na iliyokolea, kingo ziwe nyepesi na laini bila mstari. Fanya kwa rangi mbichi juu ya karatasi iliyoloweshwa, tabaka mbili au tatu, kila moja ikauke. Palipoguswa na kidole vinyweleo vimelala, patakuwa na doa jepesi. Hilo lichore, linasema ukweli wa kitambaa.

Ua limebandikwa, halifuati kiatu

Kitambaa cha juu cha kiatu kwa kawaida hudariziwa kikiwa bapa, ndipo hukatwa na kuvutwa juu ya kalibu ya mti yenye umbo la mguu. Nakshi nayo huvutwa. Duara lililodariziwa bapa huwa duaradufu likifika kwenye mbinuko wa vidole, na ua lililokuwa katikati hupinda pande zote mbili. Anayechora kiatu kwanza kisha akajazia ua kana kwamba linatazamwa uso kwa uso, anapata stika.

Anza na mstari wa katikati, kutoka ncha ya kiatu hadi mdomo wake, ukiupinda jinsi kiatu kinavyopanda. Panga nakshi kwa mstari huo. Ua la katikati linakaa juu yake. Majani ya pembeni yanasinyaa kadiri yanavyozunguka. Kwa makubadhi jambo ni jepesi zaidi, kwani ukanda ni upinde mmoja: chora kingo zake mbili, kisha mstari wa kati, na nakshi ifuate huo. Gidamu usiiache ielee; ionekane inaingia kwenye soli, na kitundu chake kiwe na giza.

Sapatu za mshono wa msalaba zilizopendwa Ulaya na Marekani katika karne ya 19, zilizodariziwa kwa sufu ya rangi juu ya turubai yenye matundu, ni mtihani mzuri kwa hili. Wanawake walidarizi nyumbani, kisha fundi viatu akatia soli. Vyumba vya turubai vinaunda kimia chote kinachopinda na kiatu. Ukikosea mpindo mmoja unaonekana kote.

Anayetaka kuona kazi ya namna hii ikifanywa vizuri atafute picha za Index of American Design. Kati ya 1935 na 1942, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, serikali ya Marekani iliwaajiri wachoraji wachore vitu vya sanaa za mikono vya nchi yao: samani, midoli, mavazi, viatu. Zilipatikana picha takriban 18,000, nyingi za rangi za maji, na ziko National Gallery of Art mjini Washington. Zimewekwa mtandaoni na unaweza kuzikuza hadi uone brashi ilipopita. Tazama hasa mahali walipoacha karatasi tupu.

Ukinakili viatu vya zamani kutoka huko, dalili moja isikutishe: jozi isiyo na kulia wala kushoto. Viatu vingi vya Ulaya na Marekani vya karne ya 18 vilitengenezwa vyote viwili kwa umbo moja lililonyooka. Ukipindisha kimoja ili "kirekebike", umeharibu.

Ncha ya kiatu ni kubwa kupita kiasi

Umenakili picha ya simu iliyopigwa kwa karibu. Kamera ikisogezwa hukuza kilicho mbele. Rudi nyuma kama mita 2, kisha vuta picha. Bora zaidi, chora kiatu chenyewe.

Kiatu kinaelea

Kivuli chako kina uzito mmoja kote. Pale soli inapogusa meza panahitaji mstari mwembamba mzito kuliko kitu chochote kwenye picha, na kutoka hapo kivuli kinyumbuke na kufifia. Makubadhi yamelala bapa, kwa hiyo mstari huo ni mrefu. Sapatu yenye ncha iliyopanda inagusa sehemu ya mbele ya nyayo na kisigino tu. Palipobaki wazi mwanga hupenya chini yake.

Karatasi, maji na hewa ya pwani

Hapa ndipo hewa yetu inapoingia. Aliye Lushoto milimani atakaushiwa rangi kwa mwendo mwingine na mtu wa Raskazone, ufukweni hapa Tanga.

*Karatasi imetuna mawimbi.* Ni nyepesi mno. Manila ya steshenari haikutengenezwa kunywa maji. Itumie kwa rasimu. Tafuta karatasi ya rangi za maji ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na ukiweza, ya pamba tupu, maana inavumilia kupakwa tabaka juu ya tabaka, na nakshi ni kazi ya matabaka. Ukipata nyepesi, iloweshe yote, ilaze kwenye ubao, ibane kingo kwa utepe wa karatasi wenye gundi, uiache ikauke usiku kucha. Wakati wa masika ipe na mchana wa kesho yake.

*Doa lenye kingo za mawimbi limejitokeza katikati ya rangi laini.* Umegusa rangi iliyokuwa inakauka kwa brashi yenye maji mengi zaidi. Maji yamesukuma chembe za rangi pembeni. Rangi hupita hali tatu: kwanza maji yanameta juu, kisha mng'ao wa maji unapotea lakini karatasi bado ni baridi, halafu inakauka kweli. Hali ya pili ndiyo ya hatari. Kwa hewa yetu yenye unyevu, hasa Aprili na Mei, hali hiyo hukaa muda mrefu, na mtu aliyejifunza kwa video za nchi zenye hewa kavu hudhani tayari pamekauka. Gusa ukingo mtupu wa karatasi kwa mgongo wa mkono: ukisikia baridi, ngoja. Mashine ya kukaushia nywele inasaidia, lakini baada ya mng'ao wa maji kupotea, na kwa mbali. Pangaboi lizimwe wakati wa kutandaza rangi, kwani hukausha upande mmoja kabla ya mwingine na kuacha mstari.

*Rangi inazama na kuacha madoa meusi yasiyo na mpangilio.* Karatasi hupakwa jelatini au kitu cha aina hiyo ili isinywe rangi mara moja. Ikikaa miaka kwenye unyevu, kinga hiyo huoza. Hakuna tiba. Karatasi hiyo iwe ya majaribio, na nyingine zihifadhiwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri.

*Rangi inakataa kushika sehemu fulani.* Mafuta ya mkono. Ukiwa umetoka kujipaka mafuta ya nazi, au jasho la Februari linakutoka, karatasi inaguswa na kuziba. Weka karatasi safi chini ya kiganja muda wote.

*Rangi zimekuwa tope.* Ama umechanganya rangi nyingi kwa pamoja, ama umepaka juu ya tabaka lisilokauka, ama maji yako ni machafu. Kaa kwenye rangi mbili kwa mchanganyiko. Ya tatu iwe na sababu. Tumia vikopo viwili, kimoja cha kuoshea, kimoja cha maji safi. Na maji ya visima vyetu vya pwani yenye chumvi yasiingie kwenye picha, kwa sababu maji yakikauka chumvi inabaki. Kinga maji ya mvua au nunua ya kunywa.

*Tabaka la pili limeng'oa la kwanza.* Rangi za maji zimeshikwa na gundi ya miti ya jamii ya mgunga, ambayo huyeyuka tena ikilowa. Pita mara moja, usisugue.

*Imepauka baada ya kukauka.* Ndiyo tabia yake. Jaribu kwenye kipande cha karatasi ileile, kikauke, ndipo uamue.

Uzi mweupe umepotea

Mweupe wa karatasi ukishafunikwa haurudi vilevile. Panga weupe wako kabla ya kupaka. Kwa nyuzi nyembamba sana juu ya kitambaa cha giza, mpira wa maji wa kuzibia (ute unaopakwa kulinda weupe wa karatasi, kisha hubanduliwa) unafaa, lakini kwa joto letu una masharti: upake kwa brashi ya zamani iliyopitishwa kwenye sabuni, rangi ikikauka uubandue siku ileile, na usiuanike juani. Ukiachwa unashikamana na kuchuna uso wa karatasi.

Nyeupe nzito ya kufunika si dhambi. Nyeupe ya zinki iliuzwa kwa wachoraji wa rangi za maji tangu 1834, na kwa uzi mweupe uliolala juu ya mahameli inakubalika, mradi iwe mwisho na iwe kidogo. Isipakwe tabaka jingine juu yake, inageuka chokaa.

Kiatu kimepauka, nichore rangi ipi?

Hii si kasoro ya mkono, ni ya uamuzi, na huwa inawakwamisha watu. Sapatu ya zamani ina waridi iliyokuwa nyekundu. Mimi nachora kama ilivyo leo. Lakini naangalia ndani ya mkunjo na chini ya ukingo ambako jua halikufika, rangi ya awali mara nyingi imebaki pale, kisha napaka vipande vidogo vya rangi hizo pembeni mwa karatasi na kuandika chini yake zilikotoka. Mtazamaji anapata kiatu cha leo na cha zamani bila kudanganywa.

Picha imekamilika, kisha imeharibika ukutani

Ukipata vidoa vya kahawia au unga wa kijivujivu, ni koga. Gundi ya rangi na jelatini ya karatasi ni chakula chake, na unyevu wetu ndio unaoilea. Usiifute ikiwa mbichi, utaipaka. Ipeleke mahali pakavu penye hewa, ikishakauka iondoe kwa brashi laini nje ya nyumba. Fremu isibane karatasi kwenye kioo. Weka kadi yenye dirisha katikati ili pawe na nafasi, na nyuma acha upenyo kati ya fremu na ukuta, hasa ukuta wa matumbawe wa nyumba za zamani. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya usivitupe. Viweke kwenye boksi la kuhifadhia picha, na vibadilishwe mara kwa mara.

Kama nyekundu imefifia, tazama jina la rangi. Alizarini krimsoni ya asili haivumilii jua, na zile waridi kali zinazong'aa mno ni dhaifu zaidi. Kwenye lebo tafuta daraja la uvumilivu wa mwanga, I au II. Pasipo lebo, paka mstari, funika nusu yake kwa kadi, uweke dirishani miezi michache, kisha ufunue. Makumbusho huzionyesha picha za rangi za maji kwa mwanga wa karibu luksi 50, ambao ni hafifu kweli. Ukuta unaotazama baraza lenye jua hauzifai.

Kiatu chenyewe kinabadilika unapokichora

Vinyweleo vya mahameli vimelala pale ulipokishika, zari imeanza kupiga weusi kwenye alama za vidole, uzi umechomoza. Jasho na hewa ya chumvi huila zari, na jua linalokusaidia kuona ndilo linalopausha hariri. Nawa mikono bila kupaka mafuta, kishike kwa soli, na kila ukipumzika kifunike kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila rangi. Usikifunge kwenye plastiki; unyevu uliomo utabaki humo. Uzi uliochomoza usiukate wala usiuvute. Mwambie mwenyewe, kisha mpelekee anayedarizi kofia za mkono aurudishe ndani kwa sindano, na umwombe akuonyeshe ulikotokea, maana hapo ndipo kishale chako cha penseli kitakapoanzia.